Uzito wa Mbele Hubebwa Nyuma

Trekta ndogo yenye mikono ya kuinulia mbele ikiingia kijijini, swali la kwanza huwa lile lile: inainua kilo ngapi? Muuzaji ana jibu lake tayari, limeandikwa kwenye karatasi, na mnunuzi hulikariri hadi anafika nyumbani. Wakati wa kazi jibu hilo hurudiwa mbele ya gogo, mbele ya tangi la maji, mbele ya mashine ya posho inayosubiri kushushwa kwenye lori. "Karatasi imesema mia sita." Na mia sita zinainuka kweli, maana mikono ina nguvu hizo. Ila mikono imefungwa kwenye mwili, na mwili wa trekta ndio unaoamua kama mzigo utafika unakokwenda. Hilo ndilo nataka tulizungumze kwa kirefu, kwa sababu linaua watu na linaweza kuzuiwa kwa pipa kuukuu na mifuko michache ya saruji.

Naishi upande wa Bweyale, wilayani Kiryandongo, kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu. Hapa Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na shambani: Wanyoro wenye ardhi yao, Waacholi, Walango, Waalur, Waluo ambao wazee wao walitoka Kenya, Wakongo, na ndugu zetu wa Sudan Kusini walioko kambini. Tunalima mahindi, alizeti, soya na mihogo. Mimi kuendesha nilifundishwa kwenye mashamba ya miwa ya Masindi, kwenye trekta kubwa, kisha shemeji yangu akanunua ndogo iliyotumika, ya nguvu za farasi 30 hivi, na tangu hapo ndiyo ninayoishughulikia msimu baada ya msimu.

Kabla yake, kreni ya shamba letu ilikuwa migongo ya vijana. Gunia la mahindi kwa jina ni kilo 100, lakini wanunuzi wa lumbesa hulishindilia na kulishonea kilemba juu mpaka hakuna anayejua ni kilo ngapi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mtu mzima wa kiume akibebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza mzigo huo. Kilo 55. Huku kwetu kijana wa miaka kumi na minane hutwikwa karibu mara mbili yake, anapanda ubao wa lori akiwa peku, na jioni analipwa pesa ya chakula. Nina ndugu ambao hawajafika miaka arobaini na tayari hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo mimi si mtu wa kuisema vibaya trekta. Naipenda mashine hii kwa moyo wote, na ndiyo maana nataka itumike sawasawa.

Tuanze na ile namba ya karatasi. Mara nyingi kampuni hupima nguvu ya kuinua kwenye pini, pale ndoo ya chuma inaposhikana na mikono. Mzigo wako haukai kwenye pini. Unakaa ndani ya ndoo, au juu ya uma, mbele zaidi. Makampuni mengine hutoa namba ya pili iliyopimwa milimita 500 mbele ya pini, na hiyo huwa ndogo kuliko ya kwanza, wakati mwingine kwa robo nzima. Hiyo ndogo ndiyo ya kushika. Halafu usisahau vyuma vyenyewe: ukitoa ndoo ukaweka uma mzito, tofauti ya uzito wao inakatwa kwenye kile unachoweza kuinua. Trekta za kiasi hiki, za farasi 25 hadi 35, kwa kawaida huinua mbele kati ya kilo 300 na 700, na pengo hilo ni kubwa, kwa hiyo kusema "trekta ya farasi thelathini" hakumwambii mtu chochote kuhusu mzigo. Farasi ni habari ya injini. Kuinua ni habari ya pampu ya mafuta, unene wa silinda, urefu wa mikono, na uzito ulioko nyuma.

Nyuma. Hapo ndipo penyewe.

Chukua trekta ya kilo 1,400 pamoja na mikono yake. Tuseme kilo 840 ziko kwenye magurudumu ya nyuma na 560 mbele, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 1.6. Sasa inua kilo 500, zikae mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Mzigo huo hauongezi kilo 500 tu upande wa mbele. Unalibonyeza trekta kwa mbele na kulinyanyua kwa nyuma, ekseli ya mbele ikiwa ndiyo egemeo. Piga hesabu: 500 mara 1.2 ni 600, gawa kwa 1.6, unapata 375. Kilo 375 zimeondoka kwenye magurudumu ya nyuma na kuhamia mbele. Nyuma zimebaki 465. Mbele sasa kuna kilo 1,435, kwenye ekseli nyembamba na matairi madogo ambayo dakika moja kabla yalikuwa yamebeba 560.

Mtu akiona mzigo umepanda hudhani kazi imekwisha. Trekta imesimama, haijainama, injini inanguruma vizuri. Lakini ile kilo 465 ya nyuma ndiyo inayobana ardhi, na ndiyo inayofunga breki. Trekta nyingi ndogo zina breki za nyuma peke yake. Ukiwa na mzigo mbele, ukashuka mteremko wa kwenda mtoni, ukakanyaga breki, magurudumu ya nyuma yasiyo na uzito hufunga na kuteleza juu ya udongo kama hayapo, na trekta inaendelea kushuka. Kuunganisha magurudumu yote manne kunasaidia, maana hapo ya mbele nayo yanashikwa na gia. Kushuka kwa kurudi nyuma, mzigo ukibaki upande wa mlimani, kunasaidia zaidi. Nawaambia madereva vijana hivi: mzigo utazame mlima sikuzote. Ukipanda, panda mbele; ukishuka, shuka kinyumenyume, polepole, gia ya chini, klachi usiiguse.

Hata hivyo dawa ya kwanza ni uzito wa nyuma. Yeyote aliyewahi kubeba maji kwa mzega anajua kwamba ndoo moja ya mbele peke yake haibebeki; unaweka ya pili nyuma ya bega ndipo unatembea. Trekta inataka vivyo hivyo. Ukifunga kilo 300 kwenye mikono ya nyuma, ile ya kufungia jembe, zikakaa sentimita 90 nyuma ya ekseli, magurudumu ya nyuma hayapati kilo 300. Yanapata 469, kwa sababu uzito ule umening'inia nje ya ekseli na unaivuta mbele ijinyanyue. Na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 169. Katika mfano wetu nyuma zinakuwa 934 na mbele zinashuka hadi 1,266. Mzigo ni ule ule, dereva ni yule yule, lakini trekta imekuwa nyingine.

Wapo wanaojaza maji kwenye matairi ya nyuma, na ni jambo jema. Unainua gurudumu, unageuza vali iwe juu kabisa, unajaza mpaka usawa wake, takriban robo tatu ya tairi, kisha unaongeza upepo. Nchi za baridi huhitaji kuchanganya dawa ili maji yasigande. Sisi Mungu ametuepusha na gharama hiyo, maji ya kisima yanatosha. Lakini uzito ulio ndani ya tairi unakaa juu ya ekseli yenyewe. Unaifanya nyuma ishike ardhi, haupunguzi hata kilo moja kwenye ekseli ya mbele. Kazi hiyo ya kuinusuru mbele hufanywa na uzito unaoning'inia nyuma tu. Kufunga jembe au kisu cha kukatia nyasi nyuma ni afadhali kuliko mikono mitupu, ila vifaa hivyo ni virefu na hukwama kila unapogeuka kati ya migomba.

Sisi tulitengeneza wa pipa. Pipa la lita 200, lile la dizeli, limekatwa juu. Chuma kinene cha mviringo kimepitishwa toka ubavu hadi ubavu, chini, na ncha zake fundi alizichonga ziwe milimita 22, kipimo cha pini za chini za trekta za daraja la kwanza, yaani kundi la trekta ndogo. Kutoka katikati ya chuma hicho kikapanda kipande bapa chenye tundu la pini ya juu, milimita 19, sentimita 46 hivi juu ya ile ya chini. Ndani tukafunga vyuma vya msalaba ili zege lisiteleze, kisha tukamimina. Zege lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita 125 zinakupa kilo 300, zaidi kidogo ya nusu ya pipa. Juu yake pamebaki nafasi, nasi tunaweka humo cheni, mbao na nyenzo. Usilijaze hadi juu kwa sababu tu pipa lina nafasi: lita 200 za zege ni kilo 480, na mikono ya nyuma nayo ina kikomo chake kwenye kitabu cha trekta. Bila kitabu, muulize fundi anayeijua aina hiyo kabla ya saruji kukauka.

Jambo la pili baada ya uzito ni kimo. Watu hudhani trekta inasimama juu ya miguu minne. Ekseli ya mbele imefungwa katikati kwa pini moja, inacheza juu na chini ili gurudumu moja likipanda jiwe jingine lisiachie ardhi. Maana yake ni kwamba trekta inasimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini ya mbele. Pembetatu hiyo ni pana nyuma na nyembamba mbele. Ukibeba mzigo mbele bila uzito wa nyuma, unausukuma uzito wote kuelekea ncha ile nyembamba, na ukiuinua juu unazidisha. Gurudumu moja likitumbukia kwenye shimo, hakuna upana wa kukuokoa.

Na mashimo tunayo. Mashamba ya huku yamejaa vichuguu, na palipo na mchwa kuna muhanga anayechimba usiku kuwafuata. Shimo lake hufunikwa na nyasi, hulioni ukiwa umekaa juu. Kwa hiyo mzigo unabebwa chini, chini kabisa, kiasi cha kupita juu ya visiki tu, na unainuliwa ukiwa tayari umesimama mbele ya lori au mbele ya jukwaa la tangi. Kabla ya hapo njia inatembewa kwa miguu. Mimi hutuma mtu na fimbo kupiga nyasi, na nikiwa peke yangu naitembea mwenyewe. Baada ya mvua ya Aprili au Septemba ardhi nyeusi ya bondeni hubadilika kwa usiku mmoja. Njia uliyopita jana si njia ya leo.

Sasa uzito wa mzigo wenyewe. Mzani hatuna, lakini vitu vingi vinahesabika. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Maji ni kilo moja kwa lita, kwa hiyo lile tangi la plastiki la mraba lenye fremu ya chuma, la lita 1,000, likijaa ni zaidi ya tani na trekta ndogo haliwezi. Lihamishe tupu, ulijaze hukohuko. Pipa la dizeli lililojaa ni kama kilo 190. Mchanga mkavu ni kilo 1,600 hivi kwa mita ya ujazo, uliolowa unaweza kukaribia 1,900 au hata kupita, kwa hiyo ndoo ile ile uliyoinua vizuri kiangazi inaweza kukushinda masika.

Magogo ndiyo yanayodanganya macho. Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribiana na maji, tani moja kwa mita ya ujazo au zaidi. Gogo la mita tatu lenye unene wa sentimita 40 ni kama kilo 380. La urefu ule ule lenye sentimita 60 ni kama kilo 850. Kwa jicho limeongezeka kidogo tu. Kwa uzito limezidi mara mbili. Unene ukizidi maradufu, uzito unakuwa mara nne. Nabeba futi kamba mfukoni kwa ajili ya hili peke yake, na nimeshaambiwa na mzee mmoja, "Mwanangu, unampimia gogo suruali?" Nikamwamkia, nikampa hesabu, akatuma wajukuu walete msumeno tulikate vipande viwili. Kukata mzigo ni sehemu ya kuinua. Gogo la mvule lisilokatika kwa sababu mbao ndefu ndizo zenye bei, hilo halipandi kwenye mikono kabisa. Linaburutwa.

Na kuburuta kuna hatari yake, kinyume na ile ya kwanza. Hapa trekta haiangukii mbele. Inanyanyua pua na kumlalia dereva. Cheni ikifungwa juu ya usawa wa ekseli ya nyuma, kwenye ile pini ya juu au kwenye kiti, gogo likigoma kwenye kisiki magurudumu ya nyuma hayazunguki tena, ni trekta lenyewe linalozunguka kuyazunguka magurudumu. Tangu pua kunyanyuka hadi pasipo kurudi haipiti sekunde moja. Hakuna dereva mwenye mguu mwepesi kiasi hicho. Harry Ferguson, fundi wa Ireland, aliwaona wakulima wa zama zake wakipinduliwa hivyo na majembe yaliyogonga mawe, na mfumo wake wa viungo vitatu vya nyuma, viwili chini na kimoja juu, aliousajili Uingereza mwaka 1926, uliundwa ili nguvu ya jembe iikandamize pua ya trekta badala ya kuinyanyua. Leo karibu kila trekta duniani ina viungo hivyo. Lakini kinga yake ni kwa chombo kilichofungwa kwenye viungo vyote vitatu, haimhusu mtu aliyefunga cheni kwenye kimoja. Cheni ya kuburuta inafungwa kwenye chuma cha chini cha kuvutia, chini ya ekseli, basi. Ndugu zetu wa Teso na Lango wanaolima kwa ng'ombe huburuta mizigo juu ya mti wa panda, na mti huo ukiwekwa chini ya kichwa cha gogo hulizuia lisijichimbie. Tumeuchukua kwao, unafanya kazi vizuri nyuma ya trekta.

Hapa niseme juu ya upinde wa chuma nyuma ya kiti, ule unaomkinga dereva trekta ikipinduka. Sweden iliulazimisha kwa trekta mpya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua huko mpaka vikawa nadra. Trekta nyingi zinazofika kwetu zikiwa zimetumika hazina upinde, au ulikatwa ili zipite chini ya mwembe au mlango wa ghala. Inaniuma kuona hivyo. Kwenye trekta yenye upinde, mkanda unafungwa. Isiyo na upinde, mkanda usifungwe, na mimi siipandishi mzigo mbele hata kidogo. Inavuta trela, inatosha.

Mengine kwa ufupi. Cheni ya kuinulia isifungwe kwenye kona ya mdomo wa ndoo, inapinda. Choma ndoano katikati, juu, kwa fundi anayejua kuchoma. Mzigo unaoning'inia unabembea, kwa hiyo ufungiwe kamba mbili za kuushika, na wanaoishika wasimame mbali na pembeni, pale dereva anapowaona. Anayeelekeza awe mmoja. Wakipiga kelele watu sita, simamisha, shusha, zungumzeni.

Mipira ya mafuta ikaguliwe kabla ya kazi. Mpira ukipasuka mzigo hauteremki, unaanguka. Ndiyo maana hakuna mtu anayepita chini ya mikono iliyoinuka, hata kuokota pini, hata mara moja. Na ukiona mpira unavuja unyevu mwembamba, usiupapase kwa kidole. Mafuta yale yako kwenye msukumo mkubwa mno. Yakitoka kwenye tundu la sindano hupenya ngozi bila maumivu makubwa, alama yake kama ya kuumwa na mdudu, na ndani ya saa chache mkono unaanza kuoza. Tumia kipande cha katoni kutafuta panapovuja, kisha zima injini na ushushe mikono ndipo urekebishe. Aliyepenyezwa apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji wakati ule ule, na amweleze kuwa ni mafuta ya trekta, maana kidonda chenyewe hakitishi kwa kukitazama.

Kazi moja huwa naikataa bila kujadili, na kila msimu wa maembe naombwa: kumweka mtoto kwenye ndoo na kumwinua achume. Wazazi wenyewe ndio wanaoomba, kwa upendo, kwa kuwa wanaona ni salama kuliko kupanda mti. Ndoo haina kizuizi, mkono wa dereva ukigusa mtambo vibaya inapinduka na kumwaga kilichomo. Nawaeleza hivyo, kisha nazima injini, na tunatafuta upondo.